Njaa ya mjini: Usimfiche daktari, na ujue pa kubisha hodi

MAMA mmoja alikuja kwangu mara tatu katika muda wa miezi miwili, na mara zote tatu malalamiko yake yalikuwa yale yale. "Daktari, tumbo laniunguza. Hasa alfajiri." Alikuwa akiishi Mukuru na kufanya vibarua vya kufua nguo huko South B. Mara ya kwanza nilimwandikia vidonge vya kupunguza asidi tumboni. Mara ya pili nikaongeza kipimo. Mara ya tatu, nikiwa tayari nimeshika kalamu nimtume akachunguzwe tumbo kwa mpira wenye kamera, niliona kwamba sketi yake ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini. Ndipo nilipomuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Jana usiku ulikula nini?

"Jana tulilala hivyo tu," akasema. "Juzi watoto walikunywa uji."

Zile dawa alizonunua kwa maagizo yangu alikuwa amezikopea pesa kwa jirani. Pesa hizo zingenunua unga na maharagwe ya siku kadhaa. Niliona aibu, na bado naiona ninapoyaandika haya. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa anayeingia chumbani mwangu, awe amevaa tai au kandambili, namuuliza alikula nini jana. Majibu ninayopata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba njaa ni jambo la Turkana na Mandera wakati wa ukame. Njaa ya Nairobi haina picha za ng'ombe waliokufa. Ni njaa ya mtu anayeamka saa kumi na moja, akatembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, akanywa chai ya rangi na andazi moja saa nne, kisha akarudi nyumbani usiku kuwagawia watoto sima na kusema yeye ameshiba. Mjini chakula kipo kila mahali, tena kinanukia kando ya barabara. Kinachokosekana ni pesa ya kukinunua. Kwa sababu hiyo mwenye njaa huona haya kusema, na daktari asipouliza hataambiwa.

Njaa huja hospitalini kwa majina mengine

Mtu asiyekula vya kutosha huja kwetu akisema ana vidonda vya tumbo, kizunguzungu, kichwa kisichopona, usingizi usiokuja, au mwili mchovu. Mtoto huletwa kwa sababu mwalimu amesema analala darasani. Mama mjamzito huletwa kwa upungufu wa damu. Yote haya yanaweza kuwa na sababu nyingine, na sisemi kwamba kila anayeumwa na tumbo ana njaa. Lakini tumbo linalouma likiwa tupu na kutulia baada ya mlo, kwa mtu ambaye amepunguza milo kutoka mitatu hadi mmoja, halihitaji dawa peke yake.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni dawa na tumbo tupu. Mgonjwa wa kisukari anayedunga insulini au kumeza vidonge vya glibenklamidi kisha akakosa chakula anaweza kuishiwa na sukari mwilini. Atatokwa na jasho jembamba, atatetemeka, ataongea ovyo kama mlevi, na asiposaidiwa atazimia. Mpe maji ya sukari haraka akiwa bado anaweza kumeza, kisha mkimbize hospitalini. Kama wewe ni mgonjwa wa kisukari na unajua kuna siku hupati chakula, mwambie daktari wako waziwazi, kwa maana dawa inaweza kubadilishwa au kipimo kupunguzwa. Aidha, vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki vikimezwa kila siku bila chakula huchubua tumbo, na hapo vile vidonda ambavyo havikuwapo hutokea kweli.

Kinyume chake, wapo wanaoacha dawa za ukimwi kwa sababu hawajala. Wanasema, "Dawa ni kali, siwezi kuimeza na njaa." Msomaji, kidonge ambacho wengi wanapewa siku hizi, chenye dolutegraviri, humezwa ukiwa umekula au hujala. Usikiache. Kama dawa yako ni ya aina nyingine, muulize mhudumu wa kliniki yako kabla ya kuruka hata siku moja.

Anza na mtoto

Nikiulizwa na mzazi asiye na kitu aende wapi kwanza, humwambia aanze na mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa sababu huyo hana muda wa kusubiri na ndiye ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango huo ni zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto. Mtoto atapimwa uzito na kimo, na mkono wake wa juu utazungushiwa utepe wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu, mtoto huyo ana utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5, rangi ya manjano, amepungua na anahitaji kuangaliwa. Zaidi ya hapo ni kijani.

Usisubiri akonde ndipo umpeleke. Utapiamlo wa aina nyingine humfanya mtoto aonekane mnene. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zake zote mbili, uhesabu hadi tatu, kisha uachilie. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo si afya, ni uvimbe wa kwashakoo, na siku hiyo hiyo mtoto aonwe na daktari, hata kama utepe unasema kijani. Nywele zinazobadilika rangi na kung'oka kirahisi, na ngozi inayobabuka, ni dalili za ugonjwa huo huo.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine hahitaji kulazwa. Huandikishwa katika mpango wa lishe na kupewa pakiti za mchanganyiko wa njugu, maziwa, mafuta, sukari na vitamini, ambazo akina mama wengi huziita Plumpy'Nut kwa jina la chapa mojawapo. Pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Haziuzwi. Hupewa bure, na mama hurudi kila wiki au kila wiki mbili mtoto apimwe. Nimeziona zikiuzwa kwenye vioski, na nimeona mama akizigawa kwa watoto wake wote wanne. Namwelewa mama huyo, maana ni vigumu kumlisha mmoja wengine wakitazama. Lakini pakiti hizo ni dawa, zimehesabiwa kulingana na uzito wa mgonjwa mmoja, na zikigawanywa hazimponyi yeyote. Waambie wahudumu kwamba nyumbani wapo wengine wenye njaa, ili nao wapimwe.

Nawajibika kuongeza kwamba vyakula hivi vya matibabu hukatika katika baadhi ya vituo. Sehemu ya misaada hii ilitoka Marekani, na misaada hiyo iliposimamishwa mapema mwaka 2025 vituo vingi vilitikisika. Ukifika ukaambiwa hakuna, usirudi nyumbani tu. Uliza ni kituo gani cha karibu kilicho nazo, na uombe barua ya kukutuma huko.

Na wewe unayenyonyesha, niruhusu nikuambie jambo ambalo huwakera sana akina nyanya. Njaa ya mama haikaushi maziwa kwa urahisi kama inavyodhaniwa. Hata mama aliyekonda kiasi hutoa maziwa yanayomtosha mtoto, ila yeye mwenyewe ndiye anayemalizika. Kinachopunguza maziwa ni kumpunguzia mtoto kunyonya. Kila juma naona mtoto wa miezi mitatu aliyeanzishiwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji mengi, kwa chupa isiyochemshwa, kwa sababu mama alisema, "Sina maziwa, sijala." Wiki mbili baadaye ameletwa na kuhara. Pesa ya yale maziwa ya dukani inunue chakula cha mama, na mtoto aendelee kunyonya titi pekee hadi miezi sita. Hata kama watu wa nyumbani wana sahani moja tu ya maharagwe, ninawaomba baba na mama mkwe wamsogezee huyo anayenyonyesha.

Kama huwezi kufika kituoni, muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale wanaojulikana kama CHP. Serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023, na kazi yao ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mara nyingi ni jirani yako. Yeye ndiye anayejua ni nyumba gani jiko halijawashwa tangu juzi, na akikutuma kliniki hufiki kama mgeni.

Mlo wa shilingi tano

Kwa mtoto wa shule, Nairobi ina bahati ambayo miji mingine mingi haina. Tangu mwaka 2023 serikali ya kaunti, ikishirikiana na shirika la Food4Education, imekuwa ikipika chakula cha mchana katika majiko makubwa na kukipeleka katika shule za msingi za umma na chekechea. Mpango huo huitwa Dishi na Kaunti. Mzazi hulipa shilingi tano kwa mlo kupitia simu, na mtoto hugusisha bangili ya mkononi kwenye kifaa, akapewa sahani ya wali na maharagwe au ndengu na mboga. Mtoto mwenye pesa na asiye nazo hupanga foleni moja na bangili moja, na hakuna anayejua nani amelipiwa na nani. Kama daktari nauona huo kuwa uamuzi wa maana kuliko wa hesabu, kwa sababu mtoto anayeona aibu hatakula.

Ukishindwa hata na hizo shilingi tano, zungumza na mwalimu mkuu kabla mtoto hajaanza kukosa shule. Shida iliyopo ni kwamba mpango ulijengwa kwa ajili ya shule za umma, na katika mitaa ya mabanda watoto wengi husoma katika shule ndogo za kibinafsi au za makanisa. Baadhi ya shule hizo zina wafadhili wao wa uji na githeri, nyingine hazina. Unapomtafutia mtoto shule, uliza swali la chakula pamoja na swali la karo. Shule ya umma iliyo umbali wa dakika ishirini zaidi inaweza kuwa ndiyo rahisi, ukihesabu mlo mmoja kamili siku tano kwa juma.

Kwa watu wazima wagonjwa

Watu wazima wanasaidiwa kwa uchache zaidi, na sioni haja ya kuwadanganya. Hata hivyo, wanaotibiwa kifua kikuu na wanaohudhuria kliniki za ukimwi wana haki ya kupimwa lishe kila wanapokwenda. Ukigunduliwa umekonda kupita kiasi, unaweza kupewa unga wa uji ulioongezwa virutubishi, kama kituo kinao. Kipimo ni rahisi. Gawanya uzito wako wa kilo kwa kimo chako cha mita, kisha ugawanye tena kwa kimo hicho hicho. Jibu likiwa chini ya 18.5, umekonda kiasi cha kuhitaji msaada. Mtu wa kimo cha sentimita 160 akiwa chini ya kilo 47 yuko hapo, na wa sentimita 170 akiwa chini ya kilo 53 pia. Usingoje uulizwe. Sema, "Naomba nipimwe lishe."

Mama mjamzito naye asiikose kliniki, hata kama hana nauli ya kila mara. Huko hupewa bure vidonge vya kuongeza damu. Avimeze kwa maji au maji ya ndimu, na chai aiweke mbali kwa saa moja au mbili, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto mdogo asipewe chai kama chakula, na hapa najua nagusa desturi ya nyumba nyingi.

Kwa chifu, na kwenye nyumba za ibada

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kuwa huru kutokana na njaa na kupata chakula cha kutosha cha ubora unaokubalika. Mtu hawezi kupika kifungu, nakubali. Lakini ukijua kimeandikwa, utaingia katika ofisi ya chifu ukiwa umesimama wima.

Mpango ulio mkubwa zaidi ni Inua Jamii, ambao hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika shida, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Mtu huandikishwa kupitia kwa chifu, naibu wake na maafisa wa ulinzi wa jamii, wakati uandikishaji unapofunguliwa. Haufunguliwi kila siku, na malipo yamewahi kuchelewa mara nyingi. Kwa hiyo mpeleke nyanya mapema, akiwa na kitambulisho, ajulikane na naibu wa chifu na mzee wa mtaa, ili jina lake lisikosekane orodha ikianza. Hakuna ada ya kuandikishwa. Anayekuomba "kitu kidogo" ili akuweke kwenye orodha, au anayepiga simu kutaka namba yako ya siri, huyo anataka kukuibia.

Kuhusu nyumba za ibada, nimeona mengi mazuri na kasoro chache. Parokia nyingi za Kikatoliki zina kikundi cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, ambacho huzitembelea familia maskini na kupeleka unga, mafuta na mchele. Njia ya kukifikia ni kupitia jumuiya ndogo ya mtaa wako au ofisi ya parokia. Makanisa mengine yana vikapu vya Jumapili, japo kila moja lina utaratibu wake. Wakati wa Ramadhani misikiti mingi hufuturisha watu, na Msikiti wa Jamia katikati ya jiji hulisha umati kila jioni ya mwezi huo. Waislamu walio na shida wasisahau kwamba zaka imewekwa kwa ajili yao, na imamu ndiye wa kuambiwa.

Kuna mlango mmoja ambao wakazi wengi wa Nairobi hupita mbele yake bila kujua, nao ni mahekalu ya Kalasinga. Katika dini yao kuna jiko la pamoja linaloitwa langa, ambapo yeyote anayeingia hulishwa bure, awe wa dini gani au kabila gani, na wote huketi pamoja. Madereva wa barabara ya Mombasa wanalijua hekalu la Makindu kwa sababu hiyo. Nairobi pia mahekalu yapo, na siku yenye watu wengi ni Jumapili. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala ukiwa umelewa, na chukua unachoweza kumaliza. Chakula hakina nyama. Ni chapati, dengu na mboga, yaani kile kile ambacho ningekuandikia kama chakula kingeandikwa kwenye karatasi ya dawa.

Watu huniuliza pia kuhusu benki za chakula. Ipo Food Banking Kenya, shirika lililoanzishwa mwaka 2017, ambalo hukusanya mazao mazuri yanayobaki mashambani na sokoni kabla hayajatupwa. Kwa kawaida hupitishia chakula hicho kwa shule, makao ya watoto na vikundi vya mitaa. Hivyo mtu mmoja akienda peke yake huenda asipate kitu, lakini kikundi cha akina mama kilichosajiliwa au kituo cha watoto kinaweza kuandika barua na kuomba.

Nina onyo moja kuhusu ugawaji unaotangazwa ghafla, hasa wakati wa siasa. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, watu waliumia Kibera katika mkanyagano wa kugombea chakula kwenye ofisi ya serikali. Mwenye mimba, mzee, na mwenye mtoto mgongoni asiingie katika msukumano wa namna hiyo. Atume kijana.

Shilingi mia moja inaponunua zaidi

Wenye kipato kidogo cha kila siku hununua kwa kadogo, mafuta ya kikombe, sukari ya kijiko, unga wa nusu kilo. Ukijumlisha mwezi mzima, maskini analipa bei kubwa kuliko tajiri anayejaza gari lake. Dawa ya hili niliyoona ikifanya kazi ni chama cha akina mama kumi ambao, badala ya kupeana pesa, hununua gunia la maharagwe au mahindi pamoja na kugawana kwa gorogoro. Mahindi yakisagwa kwenye kinu cha mtaani huwa nafuu kuliko unga wa pakiti, na yakisagwa bila kukobolewa hubaki na vitamini zake.

Chunguza nafaka hiyo kabla ya kulipa. Mahindi yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu ya uvundo, yasinunuliwe hata kwa bei ya bure. Mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Ukambani kwa sumu ya ukungu uitwao aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kwa protini, omena ndiyo mfalme wa mfuko mtupu. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo hutoa madini ya kujenga mifupa pamoja na nyama. Mwoshe kwa maji ya moto, mkaange kidogo, umsage na kumtia katika uji au mboga ya mtoto. Ndengu huiva haraka kuliko maharagwe na kuokoa makaa. Mtaani wapo akina mama wanaouza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, na kwa anayepikia mafuta ya taa hayo huwa nafuu kuliko kuchemsha mwenyewe saa tatu. Terere, managu na kunde vina damu zaidi ya kabichi. Sokoni Gikomba au Kangemi, mwenye mboga asiyetaka kulala nazo huteremsha bei jioni. Sina haja ya kuwafundisha hilo wanawake wa Nairobi.

Chakula kilichobaki hotelini kinachouzwa kwa bei ndogo kichemshwe upya hadi kitoe mvuke, na wali uliolala nje ya jokofu usipewe mtoto. Na mtu ambaye hajala kitu kwa siku nyingi asishindiliwe chakula kingi mara moja. Apewe uji mwepesi kidogo kidogo, na apelekwe hospitalini, kwa sababu mwili uliozoea njaa unaweza kushtuka vibaya, hata moyo ukasimama.

Yule mama wa Mukuru hakuwa na ugonjwa wa tumbo. Mtoto wake wa mwisho alipimwa, utepe ukasoma manjano. Mkubwa alihamishiwa shule ya umma akapata bangili. Yeye mwenyewe alikwenda kwa jumuiya ya mtaa wake baada ya kusitasita majuma matatu, na aliponieleza hilo alitazama chini kana kwamba ameiba. Bado hufua nguo South B. Bado kuna siku anazolala hivyo tu, ila ni chache, na alfajiri hazimuunguzi kama zamani.

Ukikutana na mtoto aliyeachwa bila chakula, piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto. Moto au mafuriko yakiiacha familia bila kitu, Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199. Na ukienda kwa daktari wako wiki hii, mwambie ulichokula jana kabla hajaanza kuandika.